Kuchagua Nyuzi kwa Vidole vya Shoga Yangu

Asubuhi moja nilikaa barazani kwangu, Tibirinzi, kando ya mji wa Chake, Pemba, nikiwa na madonge mawili ya uzi mweupe mapajani, moja la pamba na moja la nailoni, nikashindwa kujua lipi ni lipi. Niliusugua uzi wa kwanza baina ya kidole gumba na cha shahada, kisha nikausugua wa pili. Ilikuwa kama nasugua hewa. Nikavua miwani, nikaifuta kwa ncha ya kanga, nikaivaa tena, kana kwamba kosa lilikuwa la macho.

Nilikuwa na maradhi ya sukari kwa miaka kadhaa. Miguu ilishaanza kupata ganzi na nikaizoea. Nikitembea naangalia ninapokanyaga, basi. Vidole sikuvitarajia. Daktari alinieleza kwa upole kuwa sukari huila mishipa ya hisia polepole, huanza na ncha za mwili. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafuma shali na skafu, na kofia na soksi za watoto wachanga. Akasema, "Alhamdulillahi, macho yako bado mazima, utaendelea kufuma."

Hakujua kuwa kufuma hakukuwa tatizo. Mikono yangu hufuma yenyewe, hata nikiwa nasinzia. Kilichonitoka ni kuchagua.

Watu wakisikia kuna mtu Pemba anafuma shali hucheka kwanza. Joto hili, shali ya nini? Lakini mtoto mchanga anataka cha kufunikwa, na mama yake akitoka arubaini anataka cha kujitandia mabegani watu wakija kumuona. Wazee husikia baridi sisi tukitokwa na jasho. Wapo wanaokwenda Maskati wakati wa kipupwe cha huko, na wapo vijana wanaopangiwa vyuo vya bara, kwenye milima ambako wanasema asubuhi mtu anatoa moshi mdomoni. Kila mmoja ana uzi wake. Mchanga umpe pamba, tena pamba iliyosokotwa laini, yenye kupitisha hewa. Mwanachuo wa bara umpe sufu. Mzee umpe uzi mwepesi, kwa sababu shali nzito humchosha shingo na hataivaa, atakudanganya tu kwamba anaivaa.

Aliyenifundisha haya alikuwa bibi mmoja, jirani yetu nilipokuwa msichana, wa ukoo wa Kimanga uliokuwa na mashamba zamani. Nilipomjua mimi mashamba hayakuwapo tena. Yalibaki makasha mawili na wajukuu Maskati aliowafumia kila mwaka. Alinikalisha miezi mizima bila kunipa sindano. "Shika," akinambia, nami nashika, macho nimefumba. Pamba hupokea joto la mkono polepole na kukaa nalo. Nailoni huteleza, na ukiipitisha kwa haraka juu ya ukucha hulia. Sufu ina vinyweleo vinavyokamata ngozi. Uzi uliosokotwa vibaya, ukiulegeza, hujikunja wenyewe kama mnyoo; huo hata ukipewa bure usiuchukue, shali yake itapinda upande. Rangi alinifundisha kuichagua mlangoni, penye jua, kamwe si ndani ya duka. Ncha ya uzi uiloweshe mate, uisugue kwenye kitambaa cheupe, na ikiacha doa, rudisha. Na ukiwa na shaka, choma kipande cha urefu wa kidole. Pamba hunuka karatasi na kuacha majivu yanayopeperuka. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Nailoni huyeyuka, na ikipoa inakuwa kishanga cheusi kigumu.

Nilipokuwa mtu mzima nikaongeza yangu. Sufu ya kweli haiuzwi kwetu, kwa hiyo nilikuwa naitafuta kwenye marobota ya mitumba, ndani ya masweta ya watu wa nchi za baridi. Sweta ambalo kingo zake zimekatwa kwa mashine silitaki, ukilifumua unapata vipande vya shubiri. Lakini lile lililofumwa vipande kamili na kuunganishwa ubavuni, unalianza shingoni nalo linafumuka lote, uzi mmoja mrefu, unaufua, unauning'iniza na kopo la maji ili unyooke. Nilikuwa naweza kuingiza mkono ndani ya robota bila kuangalia na kuutoa na sufu. Wauza mitumba walikuwa wakinicheka, wakisema nina pua mikononi.

Shoga yangu alikuwa akija nami sokoni siku hizo. Tulikutana darasani tukiwa watoto, tukaolewa karibu mwaka mmoja, tukazaa tukipokezana. Mume wangu alipofariki, yeye ndiye aliyelala kwangu eda yote, miezi minne na siku kumi, akipika na kuniogeshea wanangu. Yeye alikuwa na mikono ya haraka kuliko yangu. Nilikuwa nachagua uzi, naanza shali, nafuma kiwiliwili. Yeye anamalizia kingo na kufunga matamvua. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, barazani kwangu, kuanzia saa nne mpaka adhana ya adhuhuri. Watu wakitaka shali walikuwa wakija kwangu, na wakizitaja walikuwa wakitaja jina langu. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Naliandika hapa kwa sababu lilikuja kufikiriwa na mtu mwingine.

Alikuwa wa kwanza kuambiwa habari ya vidole. Nilimwambia nikicheka, kisha kicheko kikageuka. Akaweka chini kazi yake, akanishika mikono yote miwili.

"Kwani mimi sina vidole?" akasema. "Vidole vyangu vyako. Weye niulize, mie nitakujibu."

Ikawa hivyo. Pamba yetu ilikuwa ikitoka Unguja kwa boti, ikifikia kwa mwenye duka mmoja mjini Chake. Kwa kuwa miguu yangu haikuwa ya kuaminika, yeye ndiye aliyekwenda kuichukua. Aliipeleka kwake, na kesho yake akaja nayo kwangu ndani ya mkoba. Tukakaa. Akatoa donge, akafumba macho kama nilivyokuwa nikifumba mimi, akausugua uzi.

"Unakwambia nini?" nikamuuliza.

"Unatulia. Hauna haraka."

"Joto?"

"Umelipokea sasa hivi. Ah, hii laini, shoga. Hii ya mtoto kabisa."

Nami nikiona kidole chake kikienda na kurudi juu ya uzi, nikawa kama nasikia mimi. Niliona haya kumwambia, lakini zilikuwa saa tamu hizo. Nilikuwa nimepoteza kitu na mwenzangu amenirudishia nusu yake.

Kiberiti alinichukulia pia. Siku moja nilichoma kipande cha uzi kukijaribu, moto ukanifikia kidoleni nisiusikie, nikaja kujua kwa harufu ya ngozi. Akanifunga kidonda, akatia kiberiti ndani ya mkoba wake. "Kuanzia leo kuchoma nachoma mie, nyumbani kwangu, kabla sijakuletea," akasema. "Usije ukajiunguza bure." Nilimwombea dua kwa hilo.

Ulikuja wakati nikaanza kuona mambo. Uzi ulikuwa ukiteleza kwenye sindano, nikajilaumu. Vidole visivyosikia haviwezi kushika vizuri. Sindano zilikuwa zikitoa sauti nyembamba, kama panya mbali. Nilimwambia. Akasikiliza, kichwa kaelekeza, akatingisha. "Sisikii kitu. Masikio nayo hayo yashaanza uzee." Tukacheka. Siku nyingine niliunyanyua uzi wa kijani kwenye jua nikaona una mng'aro. "Mbona unang'aa huu?" Akaniambia ndiyo pamba ya sasa, viwandani wanaipitisha kwenye dawa. Nikatazama karatasi iliyozunguka donge, ile yenye maandishi. Ilikuwa imeandikwa pamba. Nikaendelea kufuma.

Uzi huo wa kijani ulikuwa wa mtoto wa Micheweni. Bibi yake alikuja mwenyewe kuagiza, mwanamke wa makamo yangu, mkulima wa mwani, mikono yake imekauka kwa chumvi. Binti yake alikuwa amepoteza mimba mara tatu, na ya nne ilikuwa imefika mwezi wa nane. Hakutaka kusema sana juu yake, akiogopa. Alitaka shali tu. Nikamuuliza rangi, akasema nimchagulie. Nilifikiri siku mbili. Sikutaka nyeupe, ambayo ni rangi ya kila kitu kwetu, ya harusi na ya sanda. Nikachagua kijani cha karafuu changa, kabla haijaanza kuwa nyekundu. Nilimpelekea shoga yangu kipande cha kanga chenye rangi ile ile ili alinganishe mjini. Nilifuma matundu madogo ya kupitisha hewa, safu baada ya safu, na kila safu nilimtaja mtoto yule kwa dua. Alipokuja kuichukua, bibi aliikunja kifuani akaniuliza inafuliwaje na kama inaweza kufukizwa.

"Pamba tupu hiyo," nikamwambia. "Fukizeni udi msiogope."

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume. Habari ilinifikia, nikafurahi siku nzima.

Wiki chache baadaye, asubuhi, nikasikia hodi. Alikuwa yeye, bibi wa Micheweni, ana mfuko wa plastiki mkononi. Nilimkaribisha, tukasalimiana kwa urefu, nikamuuliza hali ya mzazi na ya mtoto, akajibu wazima wote. Nikamletea chai. Aliinywa yote kabla ya kusema kitu. Nikaona kidole chake cha kati kimefungwa kitambaa.

"Mwenzangu," akasema, "mie sikuja kwa ugomvi."

Akaitoa shali mfukoni na kuitandaza juu ya mkeka. Katikati palikuwa na tundu kubwa kama sahani. Kingo zake zilikuwa nyeusi, ngumu, zimejikunja, na pembeni vimening'inia vishanga vishanga. Nilijua kabla sijainama kuinusa.

"Nlitandika juu ya tenga la kufukizia kama ulivyonambia," akasema. "Chetezo chini, moto nimeufunika majivu, udi kidogo tu. Haukupita muda nkasikia harufu. Nkadhani pana kitu kimeanguka motoni. Kuinua, imenigandia kidoleni."

"Na mtoto?"

"Ntoto alikuwa kwa mamake, chumba cha pili. Tulitaka ianze kunukia ndo tumfunike." Akaangalia kikombe. "Udi umo chumbani siku zote. Cheche hurukaruka. Ingekuwa tushamfunika..."

Mimi sikutaka amalize.

"Weye ulinambia pamba," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaka kusaidiwa kuelewa.

Nikainuka. Nilikwenda jikoni, nikatoa kaa la moto kwa koleo nikaliweka kwenye kifuniko cha sufuria, nikarudi nalo barazani. Kikapuni kwangu mlikuwa na madonge tisa yenye karatasi za pamba. Nikakata kipande kutoka la kwanza, nikakigusisha kaa. Kilijikunja, kikadondoka, kikawa kishanga. La pili vilevile. Bibi wa Micheweni alisogea karibu, akawa ananikatia yeye kwa mkasi na kunipa. Tulifika la tisa. Hakuna hata moja lililotoa majivu. Nikabandua karatasi ya donge moja, nikaona imebandikwa mara ya pili. Chini ya gundi mpya palikuwa na mkwaruzo wa gundi ya zamani. Mtu alikaa chini akabandua karatasi za pamba moja moja, akazihamishia kwenye nailoni, akazikandamiza zikakauka. Kazi safi. Ilifanywa na mikono ya haraka.

Saa nne shoga yangu alitokea, kama kila siku. Alikuwa amebeba sahani ya vitumbua, ameifunika kwa kitambaa. Akatoa salamu kutoka njiani. Kisha akaona kaa, akaona shali, akaona mgeni. Akasimama pale pale kwenye kipandio cha baraza, mguu mmoja juu na mmoja chini.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia uongo. Nilikuwa hata nimeshamtungia: mwenye duka amenidanganya, boti imeleta makosa. Nadhani kama angesema hivyo ningeushika uongo huo kwa mikono miwili.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Akaweka sahani chini. "Tangu Mfungo Sita."

Ilikuwa Rajabu, miezi minne imepita. Nilihesabu kichwani: shali sita.

"Na pamba yangu iko wapi?"

"Kwangu."

"Unaifanyia nini?"

"Nafuma," akasema. "Nafanya zangu. Nazipeleka Maskati kwa mtoto wa dada yangu. Watu wamezipenda. Wamemuuliza nani kafuma, akawatajia jina langu." Akanitazama usoni. "Mara ya kwanza maishani mwangu mtu anauliza hivyo."

"Ungenambia," nikasema. "Ningekupa pamba yote, ningekuchagulia mwenyewe..." Nikasita, kwa sababu sikuwa na cha kuchagulia tena.

"Najua ungenipa. Ndo nisichotaka. Kila kitu wanipa weye. Miaka yote hiyo, shali za fulani, shali za fulani, na mie nimekaa hapa hapa nafunga matamvua. Hata huyu," akamwonesha bibi wa Micheweni kwa kidevu, "kingo hizo nimefuma mie. Alijua?"

Bibi wa Micheweni akainamisha kichwa. Hakuwa akijua.

"Ulinikasirikia mimi," nikasema. "Mtoto alikukosea nini?"

Akakaa kwenye kipandio. Akasema taratibu, akiangalia barabarani, "Nilijua hutojua."

Nimeyafikiria maneno hayo kuliko yote mengine aliyosema siku ile. Ya jina nayaelewa. Nimekaa nayo, nimeyageuza, nimeona kuwa yana haki yake, na kwamba mimi nilistarehe mahali ambapo mwenzangu aliumia. Lakini hilo la mwisho halina upande wa pili. Nilipomwambia vidole vyangu vimekufa nilikuwa nalia. Alinishika mikono. Na mahali fulani ndani ya miezi ile, akiwa bado ameishika, akaona kuwa hapa pana mtu anayeweza kudanganywa.

"Ulipokuwa unafumba macho," nikamuuliza, "ukisema umepokea joto. Ulikuwa unasikia nini?"

"Hebu acha."

"Nataka kujua."

"Nilikuwa nakumbuka ulivyokuwa ukisema weye," akajibu. "Nilikuwa narudisha maneno yako."

Aliondoka bila kuaga. Bibi wa Micheweni, ambaye angekuwa na haki ya kunilaani na kwenda zake, akazima kaa kwa maji na kufagia vile vishanga vyeusi. Vitumbua hatukuvigusa. Nilivimwaga kwa kuku wa jirani, na hata hapo niliona nafanya dhambi, kumwaga chakula.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu wa ajabu. Nilikuwa nikipika, nikisali, nikiwajibu watoto wangu kwenye simu kwamba mimi mzima. Kisha katikati ya kukuna nazi lingenijia jambo: ile sauti nyembamba ya sindano, naye amekaa kando yangu anaisikia vizuri kabisa, ananiambia masikio yangu yanazeeka. Ningeacha mbuzi, nikakaa tu. Sikuwa nikilia. Nilikuwa nikiyapitia mambo ya nyuma yote upya, hata ya zamani ambayo hayakuwa na kosa. Eda yangu. Alipokuwa akiwaogesha wanangu, alikuwa mkweli? Nilijiona mjinga kuuliza, na niliuliza. Hilo ndilo lililoniuma kupita shali zote. Alikuwa amechukua pamba ya miezi minne, lakini nilijikuta siwezi tena kuitumia miaka ya nyuma kwa raha.

Kisha nikaamua kuzifuata shali. Ya Micheweni nilikuwa nayo. Mbili zilikuwa hapa hapa Tibirinzi, moja Wete, moja ilikuwa na mzazi aliyehamia Unguja kwa mumewe, na ya sita ilikuwa kisiwani Fundo. Niliwaambia wote maneno yale yale: niliwaambia ni pamba, si pamba, isisogezwe karibu na moto, naomba niirudishe nikufumie nyingine. Yule wa Unguja nilimpigia simu, akairudisha kwa boti.

Sikumtaja shoga yangu kwa yeyote. Nilidhani ni heshima kufanya hivyo. Matokeo yake, mwanamke mmoja wa hapa Tibirinzi akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Weye uliyekuwa ukijua uzi gizani, leo ndo umekosea? Au ulidhani sie hatutojua?" Nikachukua shali yake, nikaomba radhi, nikatoka. Nilifika kona ya nyumba yao ndipo nikapata kushusha pumzi. Alikuwa ameniambia maneno ambayo hayakuwa yangu, na sikuwa na namna ya kuyakataa bila kumvua nguo mtu mwingine.

Fundo nilikwenda na mwanangu wa kike aliyekuja likizo, kwa mashua ya injini kutoka Wete, jua la mchana likitupiga utosini. Shali ya huko ilikuwa ya mzee mmoja, mama mkwe wa mteja wangu, anayelala kitandani muda mwingi. Nilimkuta ameitandika magotini. Nikamwamkia, nikamweleza kwa sauti kubwa maana hasikii vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo si pamba," akasema.

"Si pamba, bibi."

"Lakini yanipa joto."

"Yakupa joto, ila ikikaribia moto..."

"Mie nina moto gani hapa? Hata chai naletewa." Akaishika kwa mikono yote miwili. "Mwanangu, umetoka Chake mpaka hapa kuja kuninyang'anya shali?"

Mwanangu akageuza uso kwa kicheko. Nami nikacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. Tuliiacha magotini mwake, na mkwewe akaahidi kuiweka mbali na jiko.

Zile nyingine nilizifumua zote. Na wakati wa kufumua ndipo nilipopata nilichokuwa nimekikosa. Nilikuwa nimeshika ncha ya uzi kwa meno, mikono yote ina kazi, uzi ukanipita mdomoni, nikausikia. Uliteleza juu ya mdomo wa chini, baridi, bila kukamata kitu. Nikaacha kazi. Nikaenda kwenye kasha nilikohifadhi kipande cha pamba cha miaka mingi, nikakipitisha mdomoni. Kilitulia. Kilipokea joto polepole na kukaa nalo. Midomo yangu ilikuwa mizima wakati wote. Nilikaa chini nikahuzunika upya, kwa sababu nisingemhitaji. Ingetosha siku ile ya kwanza kunyanyua donge mpaka usoni.

Sasa nachagua kwa midomo. Si jambo zuri kulifanya hadharani. Najifunika ushungi, nageukia ukutani, watu wa dukani wanadhani naubusu uzi. Mwenye duka wa Chake, nilipomwendea mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, aliniuliza kama siku hizi nauogopa uzi wake. Nikamwambia ninayemwogopa si yeye. Nilichagua kijani kile kile, madonge manne, kila moja nikalijaribu, na nyumbani mwanangu akanichomea vipande mbele yangu. Majivu yalipeperuka. Shali ya pili ya mtoto wa Micheweni nilifuma yote mimi, kingo na matamvua kwa pamoja. Kingo zangu si nzuri kama za shoga yangu. Bibi alipoipokea alizipitia kwa kidole chake kilichopona, akaona, akaikunja.

Jamaa waliingilia kati, kama ilivyo desturi. Kaka wa shoga yangu alikuja naye pamoja na shehe mmoja wa mtaani tunayemheshimu wote wawili, wakatukalisha sebuleni kwangu. Shoga yangu akaniomba radhi mbele yao, kichwa chini, na nadhani alikuwa mkweli, alikuwa amekonda. Alileta pamba iliyobaki. Nikasema nimemsamehe, na niliposema nilikuwa nimeshayapima maneno hayo kwa wiki nyingi, sikutoa ya mdomoni tu. Shehe akasoma dua. Nami nikamwomba shoga yangu radhi kwa jina lake ambalo sikuwahi kulitaja kwa wateja miaka yote ile. Aliposikia hivyo alinyanyua uso ghafla, na kwa nukta moja nilimwona yule mtoto wa darasani.

Lakini kesho yake saa nne hakuja, na sikumtarajia. Tukikutana msibani tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto, tunakaa mkeka mmoja ikibidi. Akiumwa nitakwenda kumtazama, naye najua atakuja kwangu. Mtu akitaka shali ya kingo za kazi nyingi, namwambia aende kwake, namtaja kwa jina. Anafanya kazi nzuri na anapata watu. Ila siwezi kukaa naye tena na donge la uzi kati yetu nikamuuliza unakwambia nini. Nimejaribu kujiona nikifanya hivyo, nimeshindwa. Barazani sasa nakaa peke yangu mpaka adhuhuri, naanza kazi na kuimaliza mwenyewe, na kasi yangu ni ndogo, wateja wameshazoea kungoja.